Tundu Juu, Kushoto

Nianze na bati, maana hata yeye angechukia nikianza na kitu kingine. Lilikuwa bati la debe la mafuta ya kupikia, limenyooshwa kwa nyundo, kingo zimekunjwa zisile vidole, shibiri moja na nusu kila upande. Kwenye pembe moja lilikuwa na tundu la msumari. Tundu hilo lilikuwa na kazi mbili: kulitundikia bati ukutani, na kutuonyesha lilazwe vipi juu ya kitambaa. "Tundu juu, kushoto," alikuwa akisema. Asubuhi, mchana, jioni. Nadhani hata kwenye kitubio, kabla ya kutaja dhambi zake, alimwambia padri tundu juu, kushoto.

Tulimwita Fundi. Sumbawanga ya miaka ile ilikuwa na mafundi wa kila namna, wa saa, wa baiskeli, wa redio, wa kuongopa, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno pale Katandala, uliongozwa hadi chumba cha nyuma ya parokia ambako wanawake ishirini na watatu tulikuwa tukijifunza kushona. Jina lake silitaji. Wanaomjua wanamjua, na wasiomjua hawajapungukiwa kitu. Aliyepungukiwa ni mimi, ndiyo maana naandika.

Kazi yetu kubwa ilikuwa mablanketi ya vipande. Ufipa ni baridi. Mgeni wa pwani akija mwezi wa saba, siku ya kwanza anacheka makoti yetu, siku ya pili anauliza yanauzwa wapi. Tulikusanya masalia ya vitambaa kwa mafundi cherehani wa sokoni, tukaunga vipande vinne au tisa vikawa kimoja cha mraba, tukakiita tofali. Matofali thelathini yakitimia unayaunga, matano kwenda upande, sita kwenda chini, katikati unaweka masweta yaliyochakaa, mgongoni unatia shuka, unashona yote pamoja. Hilo ni blanketi. Linalaza watoto wanne kama hawapigani mateke.

Sasa kuna jambo asiyeshona halijui. Tofali likitoka kwenye cherehani haliko mraba. Hata uwe na mkono wa malaika, nguo inavutika, uzi unakaza, pembe moja inatoroka. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wako wanaosema unga hivyohivyo, vutavuta kidogo, yatanyooka huko mbele. Wako wanaosema simama kwanza, sawazisha kila tofali, kata kinachozidi, ndipo uunge. Fundi alikuwa wa kundi la pili, na mbele yake kundi la kwanza halikuwepo. Kila tofali lilazwe mezani, bati juu, kinachochungulia kikatwe. Tuliita kupiga bati.

"Umepiga bati?"

"Nimepiga, Fundi."

"Yote?"

"Yote isipokuwa hili, Fundi. Hili liko sawa, angalia mwenyewe."

"Sitaki macho yako. Nataka bati."

Wanawake wakubwa walilia. Si mfano, walilia kweli. Hawa ni watu waliopitia miaka ya nguo kuadimika, waliosimama kwenye mstari tangu alfajiri kwa ajili ya doti moja ya khanga, na wengine walirudi nyumbani na mstari tu. Unamwambia mtu kama huyo akate kitambaa kizima, kisichotoboka, akitupe? Jirani yangu wa benchi, mama mmoja mnene wa kicheko kikubwa, siku moja alikataa. Alilikumbatia tofali lake kifuani.

"Fundi, gauni hili nilibatizwa nalo mtoto wa kwanza. Unanikatisha kidole kizima?"

"Ulibatizwa wewe au mtoto?"

"Mtoto."

"Basi muite mtoto akate yeye. Lakini likatwe."

Mimi nahesabu. Ndivyo nilivyo, nikipewa chenji nahesabu, nikipewa pole nahesabu. Nilihesabu kwamba ukikata kidole kimoja pande mbili za kila tofali, kwenye matofali thelathini umetupa matofali matatu na ushee. Nikahesabu tena, yakawa matatu na ushee. Nikamwambia. Akasema hesabu yangu ni nzuri na kwamba nikaifanyie sokoni. Baadaye nilikwenda kuifanyia sokoni kweli, lakini tusiruke.

Lazima niseme haki ingawa inaniuma: juu ya kukata alikuwa sahihi. Nilijaribu nyumbani kwa kiburi changu, nikaunga matofali bila kuyasawazisha. Kilichotoka kilikuwa shamba. Matuta huku, mabonde kule, ungeweza kupanda maharage. Safu ya kwanza inakosa nusu kidole, ya pili inakosa kidole, ukifika ya sita unavuta kama mtu anayefunga mzigo kwenye baiskeli, na uzi unakatika siku ya kwanza mtoto akijigeuza. Kwa hiyo sina ugomvi na kusawazisha. Ugomvi wangu ni na kilichotumika kusawazishia.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na alitembea kutoka Pito hadi Katandala kila siku kwa miguu, kandambili mkononi, anazivaa akifika mlangoni. Alisema soli ni za kuingilia ndani, njia ina nyayo zake. Hakupenda mitumba. Ndiyo kwanza ruksa ilikuwa imetolewa, mabelo yanashushwa kutoka Tunduma, watu wanavaa makoti yenye majina ya shule za Ulaya, na yeye alikuwa akiivuta ile nguo ya mpira mbele ya pua zetu. "Inanyumbulika kama maneno ya mchumba. Hii ukiipiga bati leo, kesho imekudanganya." Lakini masweta ya mitumba aliyapokea kwa mikono miwili kwa ajili ya kujaza ndani ya blanketi. Nilimuuliza mbona hayo anayataka. Akasema kilichofichwa hakihitaji adabu.

Kumbuka maneno hayo. Mimi sijayasahau.

Tena hakujua kupatana. Hili ndilo lilinishangaza kuliko yote. Mwanamke mkali kiasi kile, akienda sokoni anauliza bei, anaambiwa bei ya kwanza, ile ambayo hata muuzaji mwenyewe haiamini, anatoa pesa, anaondoka. Niliwahi kumfuata nikamnong'oneza, "Fundi, hapo alitaka umkatalie." Akanijibu, "Akitaka nimkatalie aseme." Dagaa wa Kirando aliokuwa akinunua hivyo aliwagawa njiani kabla hajafika kwake. Uzi je? Uzi alikuwa bahili. Aliokota vijiuzi sakafuni, akavifungafunga, akatulazimisha kutunga sindano kwa nyuzi za vifundo. Mkono mmoja unagawa dagaa, mwingine unaokota uzi.

Na mama yangu alipougua taifodi, ni Fundi aliyekaa naye hospitali wiki mbili. Baba alikuwa hawezi kuona mtu amelala mchana, mimi nilikuwa na wadogo zangu nyumbani. Fundi alimwogesha mama yangu, akamlisha uji wa ulezi kwa kijiko, akafua mashuka. Alifuta darasa, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa dada yake. Mama alipopona nilikwenda kumshukuru, na kuku mkononi. Akamtazama kuku, akanitazama mimi. "Matofali yako ya wiki mbili yako wapi?" Kuku alirudi nyumbani kama nilivyokuja naye. Ndiyo maana hasira yangu haijawahi kupata mahali pa kukaa vizuri. Kila ikitaka kukaa inamkuta mama yangu na kile kijiko.

Sasa niingie kwa baba, maana jambo lenyewe ni la baba.

Baba alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda. Hakuwa na maneno mengi, maneno yake yalikuwa kwenye pembe za mbao. Kila kitanda alikitia alama ya visu viwili kwenye mguu wa kichwani, mikato miwili midogo sambamba, basi. Karibu nusu ya Katandala ililala juu ya mikato miwili.

Halafu Fundi akaanza kufundisha, mablanketi yakatoka, yakatandikwa kwenye vitanda vya watu, na yote yakakaa upande. Unatandika blanketi, kichwani limekaa sawa, miguuni pembe moja inaning'inia kiganja kizima, ya pili imepanda. Unalivuta, linarudi. Wanawake wakamwendea.

"Fundi, blanketi langu linakimbilia kulia."

"Limepigwa bati?"

"Limepigwa, Fundi."

"Kila tofali?"

"Kila tofali."

"Basi blanketi halina kosa. Pima kitanda."

Hivyo tu. Hakusema kwa ubaya, nadhani. Alisema kama mtu anayesema leo Jumanne. Lakini yule mama alikwenda akamwambia mumewe, mume akamwambia jirani, na kabla ya msimu wa mvua kwisha watu walikuwa wanabeba vitanda kichwani kuvirudisha kwa baba. Baba alivipima mbele yao. Aliweka skwea yake ya chuma kwenye kila pembe. Pembe ziko sawa. Wakatikisa vichwa. "Mzee, labda skwea imechoka." Skwea ya chuma! Inachoka kwa kufanya nini?

Akaacha vitanda. Akatengeneza milango, vigoda, na majeneza. Nilimkuta siku moja anapiga randa ubao wa jeneza, nikakaa kwenye vumbi la mbao karibu naye. Akasema bila kuinua uso, "Angalau hili halitandikwi blanketi." Nilicheka. Yeye hakuwa anachekesha.

Niligundua mwaka huo huo, kwa uvivu tu. Nilikuwa nimelaza tofali langu lililopigwa bati juu ya benchi la baba, na skwea ilikuwa pale pembeni, nikaisogeza ikagusa pembe ya nguo. Kati ya chuma na kitambaa kukabaki pengo. Nikamwita baba. Akachukua uzi, akapima kutoka pembe hii kwenda ile ya mkabala, kisha pembe zile nyingine mbili. Uzi mmoja ulizidi mwenzake kwa upana wa kidole. Akapima tofali la pili. Kidole kilekile. La tatu, kidole kilekile.

"Pande zake zote nne ziko sawa," akasema taratibu. "Mtu akipima pande haoni kitu. Lakini limeegama. Kama fremu ya mlango iliyosukumwa."

"Ni bati, baba."

"Ni bati."

Nilielewa kila kitu kwa mara moja. Matofali yetu yaliegama yote sawasawa, upande mmoja, kwa sababu tundu lilikuwa daima juu, kushoto. Yalipokutana yalipatana vizuri sana, hayakuwa na ugomvi, kila moja lilimwegamia mwenzake, na blanketi zima likaegama. Hakuna aliyeona kosa kwa sababu hakukuwa na hata moja lililosimama wima la kulinganishia.

"Twende tukamwambie," nikasema.

Baba akafuta skwea kwa kitambaa. "Huyo ndiye aliyemwogesha mama yako. Wewe shona."

Nikashona. Wakati ule tulikuwa tumetangaziwa kwamba wafadhili wa parokia wamekubali kutoa vyerehani vitano, na vitakwenda kwa wanafunzi watano bora. Kila mmoja alete matofali thelathini, Fundi atayakagua mwenyewe. Nilitaka cherehani ile kuliko nilivyotaka kuolewa. Nikaazima skwea ya baba, nikakata gauni kuukuu la bluu la mama na suruali ya kijani ya mjomba, nikasawazisha matofali yangu kwa chuma badala ya bati, wiki sita, nyumbani, mlango umefungwa. Niliyahesabu thelathini, nikahesabu tena. Nilijua hayajawahi kuwepo matofali kama yale katika chumba kile.

Jumamosi ya ukaguzi Fundi alivaa gauni la kanisani. Akapita meza kwa meza na lile bati. Analilaza, anatazama, anaguna, anasonga. Akafika kwangu. Akalaza bati, tundu juu, kushoto, akalisawazisha na ukingo wa chini. Juu kushoto nguo yangu ikachungulia. Juu kulia bati likabaki tupu.

Akachukua tofali la pili. La tatu. Alikagua yote thelathini, simsingizii, na uso wake ulizidi kuwa mrefu.

"Binti Seremala. Umepiga bati haya?"

"Nimeyasawazisha, Fundi."

"Sijauliza hivyo."

"Fundi, bati ndilo limepinda."

Yule mama mnene akaanza kucheka, na wengine wakamfuata, wote ishirini na wawili, wale wale waliolia na mikasi mkononi.

"Bati la miaka yote hii limpindie yeye peke yake!" mmoja akasema.

Fundi hakucheka. Afadhali angecheka. Alirudisha tofali langu juu ya mengine, akayapanga vizuri kama vitabu, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya leo Jumanne:

"Kwenu hata vitanda vimepinda."

Niliyaacha matofali mezani. Nikatoka. Sikurudi. Jumapili ya wiki iliyofuata, vyerehani vitano vikabarikiwa mbele ya altare na vikaenda kwa watu watano, mmoja wao yule mama wa kicheko. Mimi nikanunua nusu belo la masweta, nikalitandika chini sokoni, nikaanza kupaza sauti. Nilipaza kwa hasira na watu wakadhani ni biashara. Nimefika nilipofika, leo nina duka. Watu husema kukosa cherehani kuliniletea baraka. Waseme. Baba alikufa bila kutengeneza kitanda kingine.

Nilimwona Fundi mara moja tu baada ya hapo, miaka mingi imepita.

Dada mmoja, binti mdogo tu, alikuja dukani kwangu kutafuta masweta ya kujazia blanketi. Akaweka mkoba wake juu ya meza, ndani kukawa na kitu kinang'aa. Nikamwomba nikione. Bati. Jipya, lina tundu pembeni.

"Tunayo manane sasa," akasema kwa fahari. "Kila anayejiunga anakwenda kwa bibi Fundi kule Pito, anachora lake kutokana na lile la kwanza. Bado limetundikwa kwake."

Nilichukua uzi nikapima pembe kwa pembe. Kidole. Nikapima tena. Kidole kilekile. Nilimpa yule binti masweta yake bila kupatana, mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu, nikafunga duka saa nne asubuhi. Nikaingia duka la vifaa vya ujenzi nikanunua skwea ya chuma. Siku hizi ziko za kila aina, zimejaa kama karanga. Ile ya baba siitoi nyumbani.

Kule Pito mpwa wake Fundi alinifungulia, akanipitisha hadi chumbani, akaenda zake kuanua mahindi. Fundi alikuwa kitandani. Miguu ilikuwa imemgomea, ile miguu ya Pito mpaka Katandala. Bati lilikuwa ukutani, kwenye msumari.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Ni binti Seremala huyo. Umenenepa."

"Biashara."

"Ile ya nguo zinazonyumbulika."

"Ile ile."

Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, niliyapanga kama bidhaa, kubwa nyuma, dogo mbele. Yote yalinitoka nilipotazama kitanda. Blanketi lake lilikuwa limekaa sawa. Kichwani sawa, miguuni sawa, pembe zote mbili zinaning'inia urefu mmoja. Sijawahi kuona blanketi la Fundi limekaa hivyo. Nikasogea. Lile gauni la bluu la mama yangu. Ile suruali ya kijani ya mjomba. Yalikuwa matofali yangu.

Nikainama kutazama mguu wa kitanda. Mikato miwili, sambamba.

"Hiki kitanda ni cha baba."

"Kilirudishwa na watu," akasema. "Baba yako aliwarudishia pesa akawaachia na kitanda. Walitaka kukipasua kuni, nikakinunua."

"Na blanketi?"

Akalivuta hadi kidevuni. Nikayahesabu matofali hapo hapo mbele yake. Ishirini na tisa. Nikahesabu tena. La thelathini lilikuwepo, pembeni kabisa, lakini lilikuwa limekatwa upande na kuongezewa utepe mwembamba kuziba pengo.

"Hili ulilipiga bati."

"Nguo nzuri haitupwi. Nilitaka niyakate yote yapatane na ya wenzako, yapate kutumika. Nikakata la kwanza. Halafu sijui kwa nini, nikageuza bati."

"Ulitukataza kugeuza."

"Masista walinifundisha tundu juu, kushoto. Sikuwahi kuuliza. Siku ile nikaligeuza, na lile lile nililolikata halikupatana nalo."

"Siku gani, Fundi?"

Akatazama dari. "Jumatatu. Baada ya ile Jumamosi."

Vyerehani vilitolewa Jumapili. Jumatatu mpaka Jumapili ni siku sita. Nilihesabu kwa vidole, wazi kabisa ili aone, kisha nikahesabu tena nikianzia mkono mwingine.

"Siku sita. Na baba yangu alikuwa hai. Alikuwa hapo hapo Katandala, anachonga majeneza."

"Niseme nini? Nisimame mbele ya wanawake ishirini na wawili niseme kila walichokata miaka yote nimewakatisha bure?"

"Ndiyo."

"Mablanketi yote yale, nyumba zote zile."

"Ndiyo, Fundi. Hivyo hivyo ulivyosema. Neno kwa neno."

Akanigeukia. Macho yalikuwa makali vilevile. "Na wewe? Skwea ulikuwa nayo wiki ngapi?"

Nikatazama bati ukutani.

"Wiki ngapi, wewe unayehesabu?"

"Sita."

"Ulimwonyesha nani? Jirani yako wa benchi ulimwonyesha? Ulisema bati limepinda siku ulipokosa. Ungepata cherehani ungesema?"

Hilo sikuwa nimelihesabu hata mara moja. Nilisimama pale na mkoba wangu, na hasira yangu haikupungua, ila sasa ilikuwa inatazama pande mbili. Upepo ulikuwa unapiga dirisha, ule upepo wa mwezi wa saba unaojua nyumba ya kila mtu.

"Yalikuwa sawa?" nikamuuliza. "Matofali yangu. Nataka ulitamke."

Akapapasa blanketi kwa kiganja. "Yana joto."

"Sikuuliza joto."

"Kama unayataka, yachukue."

Nilishika ukingo wa blanketi. Naapa nilishika. Nikaona miguu yake, imevaa soksi mbili mbili, moja ya mitumba yenye mistari, nikakumbuka kijiko cha uji wa ulezi, nikauachia ule ukingo kwa chuki kama mtu anayelipa faini. Nikaenda ukutani nikatoa bati kwenye msumari. Nikatoa skwea mpya mkobani, nikaitundika mahali pake.

"Ya skwea hayataungana na ya zamani," akasema nyuma yangu.

"Najua."

"Watauliza."

"Ndiyo nataka waulize. Na wakiuliza utawaambia vitanda vilikuwa sawa. Na mimi nitakwenda kwa yule wa kicheko nimwambie zile wiki sita. Ndiyo bei. Hapo sipunguzi."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijaribu kupatana. "Nitasema vitanda," akasema. "Bati niachie."

"Hapana."

Nilifika mlangoni na bati kwapani. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyolikumbuka. Kitu kimoja kilibaki, hakikuwa kwenye mapatano kwa sababu hakinunuliwi, na yeye alijua ni kipi, na mimi nilijua kwamba anajua. Neno lenyewe ni pole, herufi nne tu. Halikuwa langu, lilikuwa la baba, nilikuwa nimekuja tu kulipokea.

Nikasimama pale kizingitini, mgongo kwake, nimpe nafasi. Nikahesabu mpaka mia. Kisha nikahesabu tena.